Gari Lililofunga

Mzungu niliyemfanyia ukarani kwenye shamba la mkonge, karibu na Muheza, alikuwa akirudi kwao. Bandani mwake mlikuwa na magari mawili mabovu ya kabla ya vita. Aliniambia nichague moja nilichukue bure, ila nimjibu kabla ya adhuhuri ya Jumamosi. Litakalobaki lingeuzwa chuma chakavu. Kwa mshahara wangu, bahati ya pili ya gari isingekuja. Nikichagua vibaya, ningebaki na banda la kuku la chuma. Mke wangu alikwisha kuahidi kuniletea kuku.

Jumamosi asubuhi nilikwenda na fundi wa magari kutoka Nguvumali, mjini Tanga. Alibeba debe la maji, maana kwake gari hujaribiwa kwa maji kwanza: ulijaze, uone linavuja wapi.

Gari la kwanza lilikuwa jeusi, la aina iliyojaa Tanga nzima. Sakafu yake ilikuwa imeoza, lakini vipuri vyake havikuwa shida. La pili lilikuwa la kijivu, mgongo kama kobe, na sikupata kuona ndugu yake popote. Bati lake lilikuwa zima. Nililipenda, ingawa sikujua kwa nini.

Fundi alifungua boneti ya mbele. Ndani mlikuwa na gurudumu la akiba na kiota cha panya.

"Wameiba injini!"

Akazunguka nyuma, akaikuta huko. "Basi wameiba rejeta."

Mzee wa Kibondei aliyelinda banda lile miaka tisa alisogea amenuna.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Hapa hakuibwa kitu."

"Sasa maji hutiwa wapi?" fundi aliuliza.

"Hilo halitiwi maji. Hilo lafunga."

Fundi alipiga makofi. "Umesikia? Linafunga! Injini imeshikana. Chukua jeusi, twende zetu."

Niliandika kwenye daftari langu: *Halina rejeta. Linafunga.* Kisha nikasita. Mzee alikuwa amelisema neno lile kwa fahari, kama anayemsifu mwanawe. Nilimwuliza fundi kama injini imefunga kwa kukosa maji, au imekosa maji kwa sababu imefunga. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa wa homa. Jua lilikuwa karibu kufika utosini.

"Mzee, lafunga nini?"

"Saumu, mwanangu! Nyie wa mjini mwafunga mwezi mmoja, hilo mwaka mzima. Lapozwa na upepo wa feni."

Akachomeka hendeli nyuma, akaizungusha. Injini ikazunguka.

"Basi limekushinda ucha Mungu," fundi aliniambia. "Lakini likiugua, mimi sijui pa kulishika."

Na mimi sikujua. Hata hivyo nilikwenda nikamwambia Mzungu, la kijivu. Niliporudi, fundi alikuwa bado amesimama na debe lake, akilizunguka gari na kutafuta pa kuyamimina yale maji. Adhana ilipotoka kijijini, tukayatawadhia.