Dinosaria Niliyempeleka Msibani

Jamani, kuna aibu mtu unaibeba mpaka unaizoea, na kuna hii yangu ya Akheri, ambayo ikinijia nikiwa naosha vyombo naweka sahani chini nafunika uso kwa mikono yenye povu, peke yangu jikoni kwangu Themi, hakuna hata anayeniona. Nimeona bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine, maana walioshuhudia ni wengi, mchungaji akiwemo.

Dada yangu Aikande aliolewa Akheri kwa Wameru, na huko huko tulimzika, pembeni ya migomba ya nyumbani kwao. Aliacha mtoto mmoja, Upendo, wa miaka mitano. Siku ya mazishi Upendo alipelekwa kwa majirani asione (wakubwa ndivyo tulivyoamua), aliporudi akaambiwa mama yupo pale kwenye migomba, amelala. Basi wiki mbili hazijaisha, mama mkwe wa dada, ambaye sote tunamwita Bibi, akanipigia simu.

"Mama mdogo, njoo useme na huyu mtoto. Kila asubuhi ananiuliza mama ataamka lini. Mimi mdomo unakataa. Mama yake sasa ni wewe."

Nikasema nakuja. Mnanijua, mimi ndiye msemaji wa kila sendofu ya ukoo, kila binti anapoagwa kwenda kuolewa, nikishika kipaza sauti mpaka ninyang'anywe, lakini njia nzima nilitafuta maneno ya kumwambia yule mtoto sikuyapata. Nikapita dukani mjini kununua mkate, nikaona kwenye rafu boksi lina picha ya dinosaria, na ndani yake, muuzaji akanieleza, kuna kitofali cha jipsam ambacho mtoto anakichimba kwa kipatasi cha plastiki na kibrashi mpaka atoe mifupa, kisha anaiunga mnyama asimame. Nikalichukua. Nilijiambia litanisaidia kuanzisha mazungumzo.

Upendo alinipokea getini. "Shikamoo Mamdogo." Marahaba mwanangu. Nikamkalisha kwenye mkeka, nikafungua kinywa niseme lile nililoitiwa, nikajikuta nasema, "Huyu alikufa zamani sana, akafunikwa na udongo. Ukimchimba taratibu utapata mifupa yake yote, halafu unamuunga, anasimama tena."

"Anasimama kabisa?"

"Kabisa, mama."

(Najua. Msiniangalie hivyo, najua.)

Akakumbatia boksi lake akakimbilia uani. Bibi akaja kuniuliza kama nimemwambia. Nikajibu, "Nimemwambia, na amenielewa vizuri." Nikanywa chai nikaondoka, na kusema kweli nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua kuni.

Siku ya arobaini tulikusanyika kujengea kaburi. Mafundi walishaleta mchanga na saruji, mchungaji amefika, kina mama wanakoroga loshoro jikoni, yale makande ya maziwa ya mgando, mara mmoja wao aliyekwenda kukata majani ya mgomba akapiga yowe. Tukakimbia wote. Katikati ya kaburi la dada yangu palikuwa na shimo kama sufuria, maua yamesogezwa kando, na juu ya udongo kuna vijifupa vyeupe vimepangwa mstari kwa ukubwa wake, kikubwa mpaka kidogo kabisa.

Watu wakarudi nyuma. Mzee mmoja akasema asiguse mtu. Mimi nilisimama hatua kumi hivi (mnisamehe, niliogopa), na kwa umbali ule, machozi yakinijaa, hata wazo la kitofali cha jipsam halikunipitia. Nilichokumbuka ni kwamba jirani yao, Mama Anaeli, aliwahi kukorofishana na dada juu ya zamu ya maji ya mfereji, na kwamba asubuhi ile ile nilimwona akitoka upande wa kaburi. Nikapaza ile sauti yangu ya sendofu.

"Mama Anaeli! Ulimsumbua akiwa hai, hata kaburini unamfuata?"

Mama Anaeli alikuwa bado ameshika mwiko, kwa sababu alikuwa akituchemshia loshoro tangu alfajiri, sisi na wageni wetu, na kaburini alipita kung'oa magugu.

Hapo ndipo Upendo alipotokea kwenye migomba, magoti yamejaa udongo, kibrashi mkononi.

"Mamdogo, wasikanyage. Hiyo mifupa ya mnyama ndiyo naangalizia, nijue kumuunga mama." Akawatazama mafundi. "Na nyie msimwage saruji. Bado sijamfikia."

Sitasahau Bibi alivyogeuka. Hakupandisha sauti. "Si ulisema umemwambia?" Mbele ya mchungaji, mbele ya ukoo mzima, mbele ya mama wa watu niliyemfanya mchawi.

Mama Anaeli akaweka mwiko chini, akampangusa mtoto magoti kwa khanga yake, kisha akaniambia taratibu, "Mama mdogo, mtoto anakusubiri."

Nikapiga magoti pale pale. "Upendo, mama amekufa. Hatasimama. Nilikudanganya."

Akanitazama sana. "Hata nikichimba taratibu?"

"Hata ukichimba taratibu."

Akalia, nami nikalia kumzidi, mpaka wakaanza kunibembeleza mimi mkubwa badala ya mtoto. Shimo alilifukia mwenyewe kwa viganja, hakutaka asaidiwe.

Wiki iliyofuata nilirudi na isale, lile jani ambalo sisi Wachaga tunampelekea mtu tuliyemkosea. Upendo akaniona nalo, akauliza la nini. Nikamwambia nampelekea Mama Anaeli kumwomba msamaha, kwa kuwa nilimsingizia.

Akafikiri kidogo. "Langu liko wapi?"

Nilikuwa nalo moja tu. Nikampa yeye, kwa mikono miwili, na kwa Mama Anaeli nikaenda Jumamosi nyingine na jingine. Yeye alilipokea, akaniwekea chai, yakaisha.

Tangu hapo nimeapa, mtoto akiniuliza jambo gumu namjibu hapo hapo hata kama mdomo unatetemeka, zawadi itafuata baadaye. Isale la Upendo lipo dirishani kwao kwenye kopo la maji, limeshatoa mizizi. Kwetu anayepokea isale amesamehe, lakini yeye ni Mmeru wa miaka mitano, mila za Kichaga hazimbani, na mpaka leo hajaniambia kitu.