Barua ya Bi Jawaher na Dakika Ishirini za Wingwi

Bi Jawaher alifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alirudi kwao Mgogoni akiwa na nia ya kulima muhogo na kulala mchana. Kulala hakukudumu. Ligi ya vijiji ilikuwa inatafuta katibu, kwa sababu aliyekuwepo mwandiko wake haukusomeka. Siku moja aliwaandikia watu wa kijiji cha Wingwi waje mapema kupima uwanja, wao wakasoma "kulima", wakaja na majembe. Kabla hawajazuiliwa walishatifua nusu nzima ya upande wa kaskazini.

"Mpira siujui," Bi Jawaher alimwambia Mzee Othman, mwenyekiti wa ligi, alipokuja kumuomba.

"Hatukutaki uucheze, Mwalimu. Tunataka uuandike."

Hilo aliliweza. Barua zake zilikuwa na aya, nukta na adabu. Zaidi ya hayo zilifuata sheria aliyoihubiri maisha yake yote, kwamba mwandishi mzuri harudii neno moja ndani ya aya moja. Mwenye lugha, alizoea kusema, ana visawe, na asiyekuwa na visawe akatafute.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Mgogoni walikwenda kucheza Wingwi. Hadi dakika ya sabini walikuwa mbele kwa mabao mawili bila. Hapo ng'ombe mmoja aliyekuwa amefungwa pembeni akakata kamba, akaingia uwanjani, akajikuna kwenye mlingoti wa goli. Mlingoti uliinama, mtambaapanya ukakatika katikati, na wavu ukamvaa ng'ombe shingoni. Alipoondoka, aliondoka nao. Refa Hafidh akapuliza filimbi na mechi ikavunjika.

Kamati ilikaa siku ya pili. Uamuzi ulikuwa mfupi: dakika ishirini zilizobaki zichezwe Jumamosi ya wiki ifuatayo, mabao yabaki kama yalivyo. Mzee Othman akamwachia Bi Jawaher aandike. Aliandika hivi:

"Kamati imeazimia mchezo uliovunjika urejewe Jumamosi. Timu zote mbili zitarudia mpambano huo katika uwanja uleule. Refa atauanzisha upya saa kumi kamili, na mtanange utaendelea hadi tamati. Ni matumaini yetu kwamba kwa kulifufua kabumbu hili, udugu wetu nao utahuika."

Aliisoma mara mbili, akaona hakuna kitenzi kilichojirudia, akafurahi mwenyewe hata akaongeza sukari kwenye chai. Barua ikapigwa picha na kutumwa kwenye makundi ya simu. Dakika ishirini hakuzitaja popote.

Mgogoni waliona "utaendelea", wakajua wana ushindi mkononi. Kocha wao, Abdulnasir, aliwaruhusu wachezaji wale biriani ya harusi mchana wa Jumamosi ileile, maana ishirini ni dakika chache. Wingwi waliona "zitarudia" na "atauanzisha upya", wakajua mabao yamefutwa. Kocha wao, Hija, aliwafanyisha mazoezi wiki nzima kila baada ya alasiri. Imamu wa Wingwi naye alituma ujumbe wa heshima kwamba kufufua ni kazi ya Mwenyezi Mungu peke yake, ligi isijiingize.

Jumamosi saa kumi timu zikaingia uwanjani. Goli lilikuwa jipya, la mianzi. Hafidh akasema, "Mbili bila, dakika ya sabini," na Hija akaja mbio na simu mkononi.

"Mbili za nani? Barua yasema tunarudia."

"Soma chini," alisema Abdulnasir. "Utaendelea."

"Utaendelea ukishaanzishwa upya. Kwani weye huoni?"

"Mie nimeona 'urejewe'," alisema Hafidh, "nikadhani ni kurejea kanuni. Nimekesha nazo."

Walibishana hadi watu wa pembeni wakaanza kuingia kati. Mwishowe Mzee Othman akamfuata Bi Jawaher, aliyekuwa amekaa kivulini na mwavuli wake, akamleta katikati ya uwanja. Karibu nusu ya wachezaji aliwahi kuwafundisha walipokwenda kusoma sekondari mjini. Walipomuona anakuja, walikaa chini bila kuambiwa.

"Mwalimu," alisema Hija, "hebu tuambie. Turudie, tuendelee, au tuanze upya?"

Bi Jawaher akaichukua simu na kuisoma barua yake kana kwamba imeandikwa na mwanafunzi.

"Kurudia," alisema taratibu, "ni kukifanya tena kitu kizima. Kuanza upya ni kukisahau cha mwanzo. Kuendelea ni kukamata pale ulipoachia. Hivi vitatu si kitu kimoja, na mimi nimeviandika kama kitu kimoja. Kamati ilisema kuendelea. Kosa ni langu."

Hafidh akatoa mfukoni saa yake ya kuhesabia dakika za mechi. Ilikuwa bado imesimama kwenye dakika ya sabini na sekunde kumi na mbili. Siku zote hizo hakuigusa, hata kupikia yai.

Hija aliiangalia saa, kisha akamuangalia mwalimu wake.

"Kidato cha pili," alisema, "niliandika insha ya nyumba yetu. Ulinikata alama tano kwa sababu nilisema 'nyumba' mara nne kwenye aya moja. Nilikuambia nyumba ni nyumba, Mwalimu. Ukaniambia niandike 'maskani'."

"Nakumbuka."

"Nirejeshee alama zangu, nami nikubali dakika ishirini."

Wachezaji walicheka, ila Hija hakucheka. Bi Jawaher akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu na karatasi, akaandika: *Hija, insha, jumla 18 juu ya 20. Nyumba ni nyumba.* Akatia saini na tarehe. Hija akaikunja, akaiweka ndani ya soksi, akawaambia vijana wake wasimame.

Dakika ishirini zikachezwa. Wachezaji wa Mgogoni walikimbia na biriani yao, na beki wao mmoja alilazimika kukaa chini mara mbili kusubiri tumbo litulie. Wingwi walipata bao moja, kisha la pili likakataliwa. Ikaisha mbili kwa moja. Hija alililalamikia bao lililokataliwa, lakini kivivu, kama mtu anayetimiza wajibu tu.

Bi Jawaher hakurudi kivulini. Aliangalia hadi filimbi ya mwisho, akiwa amefunga mwavuli na kuushika kama fimbo. Watu walipokuwa wakitawanyika alimfuata Hafidh.

"Lile bao la pili umelikataa kwa nini?"

"Ameotea, Mwalimu."

"Kuotea ni kumvizia mtu. Yule kijana alikuwa amesimama wazi, mbele ya watu wote. Amemvizia nani?"

Hafidh akakaa kwenye majani, akachukua vijiti vitatu viwe wachezaji na kokwa la embe liwe mpira, akaanza kumwonyesha. Bi Jawaher akakaa kando yake, akaomba apewe kokwa lile alishike mwenyewe.