Ile Kidole Haikuwa Yangu

Ba Mama na ba Papa, kaka na dada, munivumilie. Sauti yangu inatokeaka upande moja, na kuko maneno yenye inakawia. Lakini inatoka. Kwa ile yenye inatoka, Mungu asifiwe.

Niko Mama Solange wa Karuba. Mbele ya haya yote nililima viazi na maharagi, na siku ya soko nilishuka Mushaki na kitunga kwa mugongo. Nilikuwa na kinywa mingi! Bwana yangu alikuwa anasema: "Wewe, ukiongea hapa jikoni, watu wa Mushaki wanasikia."

Jirani yetu Faustin alikuwa anasogeza mupaka wa shamba lake kidogo kidogo. Mwaka huu hatua moja, mwaka ingine hatua ingine. Asubui moja nilimukuta analima katikati ya viazi yangu. Nikamuambia: "Faustin, tuite shefu wa kijiji, aje kupima." Aliinua mupanga. Ilinipata hapa, toka kwa sikio mpaka kwa kidevu. Sikusikia maumivu palepale. Nilisikia joto, kisha nikaona meno yangu mbili kwenye udongo.

Watu walinibeba na kipoyi, kile kitanda cha miti, mpaka kwa barabara, wakanipandisha pikipiki ya kwenda hospitali. Bwana yangu alinishikilia taya na kitambaa njia yote. Dokta aliniangalia, akamuambia: "Mufupa imevunjika fasi mbili. Mama ataishi. Lakini kuongea, sijue."

Walifunga meno yangu na waya. Wiki sita nilikunywa uji tu, na mrija. Kidonda ikaoza, usaha ikatoka chini ya sikio, ikanuka mpaka wageni wakikuja nilikuwa ninageukia ukuta. Walinipasua tena. Nilikonda, pete ya ndoa ikaanguka yenyewe kwenye sahani. Na walipotoa ile waya, mudomo ikakataa kufunguka, hata kidole haingii. Muganga wa mazoezi alinipatia vijiti vidogo vya kuweka katikati ya meno: leo tatu, kesho ine. Mate ilinitiririka kama mutoto. Akaniambia: "Sema 'mama'." Ikatoka "ana". Tulicheka sisi wawili, na kile kicheko kiliniumiza kuliko vijiti.

Faustin alihukumiwa, akapelekwa gereza. Siku ya tribinali mudomo yangu ilikuwa ingali imefungwa. Bwana yangu njo aliongea kwa fasi yangu. Mimi nilikaa tu.

Miaka ikapita. Siku moja binti yangu Solange akarudi kutoka soko, hajaweka hata kitunga chini. "Mama, wanasema Faustin iko karibu kutoka. Ameomba wamufungulie mbele ya kifungo kuisha."

Nikamuambia: "Tutafute mutu mwenye kujua sheria." Solange akanipeleka kwa avoka mumoja, dada mwenye kusaidia watu bure. Alienda parke, kwa ofisi ya mashitaka, akaangalia dosie, zile karatasi za kesi. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, kuko karatasi mule ndani. Inasema umepona kabisa, umemusamehe, hauna shida atoke. Chini umetia kidole na wino."

"Mimi? Nilimaliza shule ya musingi! Mimi nasainiaka jina yangu. Sijatiaka kidole hata siku moja."

"Basi tuandike. Uombe wale wakubwa wenye kuamua wakusikilize kwanza."

Niliandika barua na mukono yangu, nikaweka na karatasi zote za hospitali. Tulingoja. Tulirudi kuuliza mara mbili. Mara ya tatu wakaniita.

Ilikuwa chumba kidogo pale gereza. Wakubwa watatu kwa meza, na Faustin kwa benchi, amekonda. Avoka akaninongoneza: "Niongee kwa fasi yako?" Nikamuambia: "Hapana, dada. Leo ni mimi."

Nikasimama. Maneno ya kwanza ilikwama. Mukubwa wa parke akasema: "Mama, chukua muda yako." Nikachukua. Nikawaambia juu ya meno kwenye udongo, juu ya waya, juu ya usaha. Kisha nikaomba karatasi na bik, nikasaini jina yangu mbele yao. "Angalieni. Ile kidole haiko yangu. Sisemi Faustin afie humu, siku yake itafika. Lakini kama ni kumusamehe, kinywa yangu njo itasema. Na haijasema."

Waliweka zile karatasi mbili pamoja, wakalinganisha. Faustin akainamisha kichwa. "Ni ndugu yangu njo alileta ile karatasi," akasema.

Walikataa ombi lake. Na waliandika kwenye dosie kwamba siku ingine wataanza na kuniita mimi. Siku ile nilitembea kwenye barabara ya Mushaki kama bibi-arusi!

Mwaka uliofuata Faustin aliomba tena, na waliniita kweli. Faustin alisimama bila kuambiwa. "Mama Solange, nilikukata. Na udongo ulikuwa wako." Njo nikasema masharti yangu: asikanyage Karuba, aende kuishi kwa dada yake, kule Pinga, ajionyeshe kwa wakubwa wa kule kila mwezi, na akihama, nijulishwe. Wakaandika yote. Nikasaini, wakamufungulia. Leo ninalima shamba yangu mpaka kwa mupaka, na sigeuki nyuma.

Ninashukuru bwana yangu, Solange, yule avoka, na muganga wa vijiti. Na wewe mwenye uliumizwa, usingoje kuitwa. Enda parke, uulize dosie yako iko wapi. Peleka karatasi za hospitali. Ujue mbele ya kufika kitu gani utaomba. Ukitetemeka, tetemeka, lakini sema.

Najua kuko dada mumoja hapa, ameketi nyuma, na mwenye alimuumiza ataomba kufunguliwa mwezi unaokuja. Dada, usiogope. Tutapanda pikipiki pamoja, na mule chumbani nitakaa karibu yako.