Skrini Iliyochelewa

Mwaka ambao kartiye yetu, mtaa wetu wa Kolwezi, ilivunjwa, mimi na yaya yangu, dada mkubwa, tulikuwa tunaishi kwa picha za wafu. Watu walituletea picha ndogo, ya kitambulisho au ya kwenye simu, nasi tuliisafisha, tukaikuza, tukaichapa kwenye karatasi za misa na fulana za matanga. Tulifanyia kazi sebuleni, katika nyumba tuliyoachiwa na baba. Yaya alizungumza na wafiwa, mimi nilikaa kwenye laptop.

Skrini kubwa tuliipachika ukutani ili wafiwa waione kazi. Chini yake, ukutani vilevile, nilipigilia doki, kisanduku kinachopokea waya mmoja wa laptop na kuipelekea skrini picha. Laptop yenyewe niliifunga kwa mnyororo kwenye meza ya chuma, kwa kuogopa wezi.

Mwanzoni vyote vilisikilizana. Kisha skrini ikaanza kuchelewa. Nikisogeza kipanya, mshale kwenye laptop ulifika, lakini ule wa ukutani ulibaki nyuma, halafu ukafuata taratibu kama mtu anayevuta mguu. Siku nyingine skrini ilizimika kabisa, ikawaka yenyewe.

Nilizima, nikawasha. Nilipakua programu mpya ya kuendesha doki. Nilipunguza ukubwa wa picha, nikahamisha waya tundu la pili. Mwishowe nilinunua waya mpya, urefu uleule. Ulikaa vizuri kwa muda, ugonjwa ukarudi.

Kisha akaja mama mmoja ambaye mwanawe alifukiwa na udongo kwenye shimo la madini, upande wa Mutoshi. Alileta picha ya kijana anayecheka, shingoni ana taulo. Nilipomaliza kuichapa niliifunga. Kwenye laptop ikaondoka. Ukutani, kijana akabaki anatutazama.

Yaya alishtuka, akataka nimwondoe. "Mutoshe! Juu ya nini haendi?"

"Nimeshamutosha," nikamwambia. "Huku hayuko tena."

Nikanyoosha mkono kuchomoa waya, lakini yule mama akanishika.

"Muache," alisema. "Ule mutoto alizoea kuchelewa. Ataenda ye mwenyewe."

Sote watatu tukatazama ukutani. Uso wa kijana ulitetemeka mara moja, mdomo ukahama kidogo kama anayetaka kusema, ndipo skrini ikawa nyeusi. Mama akakunja fulana zake, akatuaga kwa heshima, akatoka. Yaya alifunga mlango mchana ule, akasema hatafungua mpaka nijue kitu hiki kina nini.

Nilipiga magoti kwenye doki. Hapo ndipo nilipouona waya. Siku nilipoufunga ulikuwa umelegea, unaning'inia kati ya meza na ukuta. Sasa ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na kichwa chake kilikuwa kimevutwa upande, nusu nje ya laptop. Nilipokisukuma ndani, skrini iliwaka vizuri, mshale ukaenda pamoja na mkono wangu. Nilipokiachia, ukaanza tena kubaki nyuma.

"Umesogeza meza?" nikamuuliza yaya.

"Mi? Ile chuma?"

Meza haikuwa imesogea. Miguu yake ilikuwa imezama kwenye alama zake za zamani juu ya mkeka wa plastiki. Niliukunja mkeka kuanzia ukutani. Chini yake saruji ilikuwa imepasuka kutoka kona hadi kona, na ufa ulimeza vidole vyangu vyote. Ukuta ndio uliokuwa unatuacha, kidogokidogo, na doki yetu mgongoni.

Kwenye ufa ulitoka upepo wa baridi, wenye harufu ya udongo mbichi. Nikainamisha sikio. Chini ya meza, mtu akakohoa.

Yaya naye alisikia. Alipiga magoti kando yangu, akapaza sauti kama anayemsemesha mzee aliyeingia uani kwa watu. "Tata! Uko mu nyumba ya bantu!"

Ikajibu sauti ya mwanamume, karibu sana, yenye adabu: "Pardon, mama. Tunapita tu."

Kisha tukasikia sururu zikiendelea.

Tulijua walikotokea. Jirani alikuwa amechimba shimo chumbani mwake akitafuta kobalti, na nyumba za mbele zilikuwa na mashimo pia. Tulipomwendea, alitutazama kwa huruma. "Nanyi muchimbe," alisema. "Hii kartiye haitabakia."

Alisema kweli. Watu wa ofisi za serikali walipita wakichora misalaba myekundu ukutani, na kila aliyechorewa aliambiwa ahame. Sisi hatukungoja kusukumwa. Tulikwenda kwa mjomba, huko Tenke, tukapanga chumba chenye sakafu imara. Laptop iliendelea kufanya kazi. Doki niliiacha ukutani, sikutaka kuigusa.

Yaya alirudi siku katapila ilipofika, akasimama na majirani barabarani. Ukuta wetu ulianguka bila kusukumwa sana. Sakafu ilipofunuliwa, chini ya mahali nilipokuwa nakaa kulionekana nafasi ya ukubwa wa chumba, imechongwa vizuri. Hakukuwa na mtu. Kwenye mwamba kulikuwa na msumari, na kwenye msumari lilitundikwa shati jeupe, safi, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kama linalongoja mwenyewe amalize kazi.

Majirani waliulizana ni la nani. Dereva akaendelea na kazi yake.