Tone Langu Lilipoelea

Hii aibu ningeificha mpaka kaburini, ila mmeniuliza mbona siku hizi nikipita kwa muuza udongo pale sokoni naangalia pembeni, basi sikilizeni.

Mama yangu anakaanga samaki soko la Feri. Kwa muda mrefu alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ukimtoa damu mpaka viganja vikapauka. Alipopangiwa upasuaji, daktari akasema ndugu waje kuchangia damu, akiba ni ndogo. Mjomba Hamadi, fundi wa magari mtaa wa Gerezani, akasema atakuja na vijana wake. Sasa mimi (na moyo wangu huu wa kujiona shujaa) nikaona kwa nini watu waache kazi wakati mtoto wa kuzaliwa nipo, tena mnene, nikaandika kwenye grupu la familia, "Msihangaike, damu ya mama iko kwangu," nikaweka na picha nimekunja mkono kama mbeba mizigo. Nikasifiwa mpaka na shangazi wa Tanga. Mjomba akaandika, "Mungu akuzidishie, mwanangu," akaenda zake Morogoro kufuata lori lililoharibika.

Asubuhi ya upasuaji sikula kitu, nikanywa jagi zima la juisi ya rozela, maana Kariakoo kila mtu atakwambia rozela inaongeza damu, nami nikajua nikiinywa alfajiri, mpaka nifike hospitali itakuwa imeshafika mkononi.

Maabara nikamkuta dada mmoja wa makamo. Akanitoboa kidole, akadondosha tone kwenye kichupa chenye maji ya bluu, akanieleza kwamba likizama nina damu ya kumpa mtu, likielea sina. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Tone likaelea, likatulia pale juu kama halina habari.

"Rudia dada, hilo limekosea."

Akarudia kidole kingine. Likaelea.

"Mdogo wangu, unakula udongo?"

"Mimi? Hata harufu yake siijui."

Nikavuta pochi nitoe leso nijifute kidole, zipu ikafumuka, vipande vya udongo vikamwagika sakafuni, kimoja kikaviringika mpaka miguuni kwa bibi mmoja. Akakiokota, akakinusa. "Huu wa Pemba," akawaambia wenzake, "wenyewe kabisa." Watu wakacheka. Nikainuka haraka niviokote, dunia ikazunguka, na rozela yote ikarudi, nyekundu, juu ya koti jeupe la dada wa watu. Mtu akapiga kelele kwamba natapika damu, wakaja mbio na kitanda cha magurudumu, nami nataka kusema ni juisi, sauti haitoki.

Wakanipima upya, safari hii damu ya mshipani. Nina upungufu wa damu, madini ya chuma yamekwisha mwilini, na ile hamu ya udongo niliyoiona utamu tu ni dalili yake, tena udongo wenyewe unazuia chuma kisiingie. Nikapewa vidonge.

Hayo yote ningeyacheka. Lakini Mjomba alikuwa mbali, damu ya kundi la mama haikutosha, na nafasi yake ya upasuaji akapewa mwingine. Nilimkuta keshavaa gauni la kijani, hajala tangu jana, ameshika tasbihi. Nikamwambia yote.

Kisha akanivuta kope kwa chini, kama daktari alivyokuwa akimfanyia yeye, akachungulia.

"Nyeupe kama yangu," akasema. "Umekula leo?"

"Sijala, mama."

Akanigeuzia mgongo nimfungue kamba za gauni, twende tukatafute uji.

Mjomba amesharudi na vijana wake wamechangia, ila tarehe nyingine bado hatujapewa, na mama bado anatoka damu. Mimi nimeapa, mtu akisema anakuja kusaidia, simwambii asihangaike. Namwambia njoo, na mwenzako mlete.