Matuta Katikati ya Njia ya Baiskeli

Jumamosi niliungana tena na vijana wenzangu wa Sumbawanga tunaojitolea kufyeka njia ya baiskeli kwenye vilima vya nje ya mji. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumeifyeka mpaka kileleni, kwa hiyo asubuhi hiyo hakuna aliyetaka kusubiri chai. Tulipofika katikati ya mlima tukafunga breki. Njia nzima ilikuwa matuta, na mama mmoja alikuwa anafukia majani kwenye tuta la mwisho.

"Shikamoo, mama," alisema kiongozi wetu, mguu mmoja bado uko kwenye pedali. "Hii ni njia yetu."

"Marahaba. Njia ya kwenda wapi?"

"Juu."

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Tunapanda, tunashuka."

Mama akaegemea jembe. "Mwanangu, hapa kwetu ukikata majani ukayalaza, umeanza shamba. Niliona mmeanza, mkaacha. Maharage yangu yameshaingia humo."

Kijana wa nyuma alikuwa anabana breki na kuiachia, anabana na kuiachia. "Tupite tu katikati," alinong'ona.

"Pita," mama alimjibu. "Ila utanipandia upya."

Hakupita. Tulibeba baiskeli mabegani, tukazunguka kwenye nyasi ndefu. Mjini huwa tunajisifu kwamba njia hii ni ya kila mtu. Hatukuwahi kufikiria kwamba kuna atakayekuja na jembe.

Tulipoingia tena njiani juu ya shamba lake, mama akatuita kutoka chini, akielekeza jembe kwenye nyasi za ng'ambo: "Na upande ule mtafyeka lini?"