Mtabiri wa Kagoma na Kahawa ya Mkwe

Aibu hii ni yangu peke yangu, nimeitafuta kwa bidii na nimeipata, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa hivi, ili nikifika kule mbele mniache nimalizie kwa amani. Mnawajua wale mashabiki ambao timu ikishinda mechi kubwa hawasimulii mpira, wanajisimulia wao? Lile goli la dakika za mwisho, mimi nilikuwa nimekaa hapa, nimeshika kikombe hivi, nikamwagia jirani chai. Ubingwa ule, mimi nilikuwa uwanjani kabisa, nyuma ya goli (na huyo anayesema hajawahi kuvuka Biharamulo). Ukiwakusanya wote wanaodai walikuwa uwanjani siku ile, uwanja wenyewe ungekuwa na ukubwa wa wilaya ya Muleba. Siwavumilii watu hao, na kwa miaka kadhaa nilikuwa kama mwenyekiti wao.

Mimi naitwa Projestus, ni fundi wa redio na simu hapa Kagoma, Muleba, na kibanda changu kinatazamana na kibanda umiza tunakotazamia mpira. Timu yangu siitaji, wanaonijua wanaijua, na watani wetu nao siwataji wasije wakafurahi kusikia jina lao. Nilikuwa na orodha ndefu ya mahali nilipotazamia ushindi wetu mkubwa, lakini lulu ya orodha hiyo ilikuwa siku tulipowafunga watani tatu bila. Hiyo nilikuwa nasema niliitazama Bukoba mjini, kwenye ukumbi wa Bi Saada, kiti cha mbele karibu na dirisha. Nilikuwa naisimulia mpaka jasho linanitoka, nasimama, naruka kichwa, naanguka kama golikipa wao, watu wanatoa soda.

Sasa ukweli. Siku ile sikutazama kitu. Nilikuwa Kishanda kwa rafiki yangu mmoja, tumeanza kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi, na mechi ilipoanza mimi nilikuwa nimelala juu ya majani makavu ya migomba mdomo wazi. Nilizinduka jua limekwisha kuzama nikaambiwa tumeshinda tatu, nikafurahi, nikalala tena.

Uongo wenyewe sikuutunga kwa ajili ya sifa, sifa zilikuja baadaye. Niliutunga kwa ajili ya baba mkwe wangu, Mzee Kamugisha wa Izigo. Siku hiyohiyo nilitakiwa kuwa kwake, maana alikuwa ameanika kahawa yake yote ya msimu uani na mgongo ulikuwa unamsumbua, akaniomba niwepo ili mvua ikija nimsaidie kuianua. Nikaahidi, nikapitia Kishanda mara moja tu kusalimia, na mengine nimekwisha kuwaambia. Mvua ilikuja (Kagera hii, mvua itaacha kuja?) na sehemu kubwa ya ile kahawa ikalowa na kushika ukungu. Kesho yake nilikwenda kwake nimejikunja, nikamwambia baba nisamehe, nilikwenda Bukoba kutazama mechi. Akasema, "Kama ni mechi ile, mkwe, nimekuelewa."

Maana mzee naye ni wa timu yetu, tena wa zamani. Akaniuliza goli la kwanza lilikuwaje, nikamweleza kama nilivyosimuliwa na watu njiani, akawa anatikisa kichwa kwa furaha, na kahawa imelowa pale nyuma yake. Mimi sikumuuliza yeye alikuwa wapi. Mashabiki wa aina yangu hatuna swali hilo.

Basi tuje kwenye utabiri. Siku moja timu inacheza, nipo kwenye kibanda umiza, na sikioni nimechomeka hedifoni ya redio ya mteja niliyokuwa naijaribu kama imepona. Nikasikia mtangazaji anapiga kelele goli, nikatazama kwenye televisheni, mpira ndio kwanza upo katikati ya uwanja. Fundi yeyote anajua kwamba dishi linachelewa na redio inawahi, si jambo la ajabu. Lakini mdomo wangu ukasema, "Hapa tunafunga," na kweli, tukafunga. Kibanda kizima kikageuka kunitazama. Hapo ndipo ningesema jamani ni redio, tukacheka, yakaisha. Badala yake nikasukuma waya ndani ya shati, nikavuta kofia yangu ya mzula mpaka chini ya masikio, nikanyamaza kama mtu aliyeona jambo.

Kuanzia siku hiyo nikawa Mtabiri. Kila mechi nipo na mzula wangu hata jua likiwaka, redio ndogo ya betri mfukoni mwa koti, na wapumbavu wenzangu wananipisha kiti. Yupo aliyeniletea mkungu wa ndizi. Yupo aliyeniuliza habari za mtihani wa mwanawe, na nikamjibu! Mke wangu Adventina alikuwa anajua kila kitu, maana yeye ndiye anayefua lile koti, akaniambia, "Mwambie baba ni redio. Atacheka, mambo yaishe." Nikamwambia wanawake hamuelewi mpira, kauli ambayo ananirudishia mpaka leo kila nikikosea kitu, hata nikiunguza maharage.

Habari zilikuwa zimemfikia mzee Izigo, na mzee akabadilika. Tangu nimwoe binti yake alikuwa ananiita "huyu fundi," sasa akaanza kuniita mwanangu. Akatuambia mimi na Adventina kwamba kuna kipande cha kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, karibu na barabara anataka kutupa tujenge, tuache kupanga chumba, na kwamba baada ya mechi ya watani itakayofuata atatuonyesha mpaka na kupanda milamula, ile miti ya alama. Mnaelewa maana yake? Mhaya kumkatia mkwe kibanja si jambo dogo. Adventina alilia kwa furaha. Na mzee akasema mechi hiyo anataka tuitazame pamoja, mimi na yeye, Bukoba, palepale kwa Bi Saada, kwenye kile kiti changu cha karibu na dirisha.

Tukaenda. Ukumbi ulijaa mapema, na mzee alikuwa amewatangazia watu kwamba mkwe wake anaona mpira kabla haujachezwa, kwa hiyo tulipoingia tulipishwa kama maaskofu. Bi Saada, mama wa Kiislamu wa pale mjini, mwenye ukumbi, anakaa mlangoni na kanga yake na hacheki hovyo, alinitazama mimi na mzula wangu mchana ule wa joto akasema, "Karibu, mgeni." Mgeni! Nilitakiwa kushtuka, na sikushtuka.

Mechi ikaanza. Nikapeleka mkono mfukoni, nikawasha redio, na stesheni niliyoizoea Muleba ikawa inakwaruza tu. Siwezi kuitoa redio mbele ya watu, kwa hiyo nikawa nazungusha kwa kidole gumba, kwa kupapasa, mpaka nikapata sauti ya mtu anapiga kelele na kutaja timu yetu na watani. Nikashukuru Mungu. Haikunijia hata kidogo kujiuliza ni mechi gani hiyo. Stesheni ile haikuwa na ruhusa ya kutangaza mechi ya siku hiyo, kwa hiyo ikaamua kuwaburudisha wasikilizaji kwa kurudia kanda ya ushindi wetu wa zamani. Na mnaujua ni ushindi upi.

Sikioni kona inapigwa, kichwa, goli. Nikainua mkono, ukumbi ukanyamaza. "Wazee," nikasema, "kona, halafu kichwa, tunaongoza." Wote macho kwenye skrini. Kwenye skrini golikipa wetu alikuwa anafunga kamba za viatu. Tukasubiri. Baada ya muda ikapatikana kona kweli, watu wakasimama, mpira ukaenda kwa watazamaji, wakakaa. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi, kwa kuwa ni fundi, nilikuwa na jibu la kitaalamu: dishi la Bi Saada linachelewa kuliko la Kagoma. Nikawaambia wawe na subira, linakuja.

Sikioni golikipa wao anateleza, la pili. Nikatangaza la pili kabla la kwanza halijafika. Majina ya wachezaji nusu yalikuwa yaleyale, na lilipotajwa jina la mshambuliaji aliyekwisha kuhama nikadhani hedifoni imechafuka. Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nikaona wananiponyoka, nikaamua kuwapa utabiri mzito zaidi, yaani maneno ya mtangazaji yenyewe, kama yalivyo. Nikapaza sauti nikasema golikipa wao leo amepakwa mafuta ya samaki miguuni, atafutwe mchanga amwagiwe.

Hapo Mzee Kamugisha akageuka. Alikuwa ameacha kutazama skrini. Akasema kwa sauti ya chini, "Na la tatu ni penalti. Beki wao atamvuta mtu jezi."

Na mimi, ndugu zangu, kichwa hiki mnachokiona, nikafurahi. Nikasema moyoni kumbe baba naye ana kipaji! Nikamshika bega mbele ya ukumbi wote nikawaambia mnaona, na mkwe wangu anaona. Sekunde chache baadaye mtangazaji sikioni akasema penalti, beki kavuta jezi.

Mzee akanyoosha mkono, akaninyanyua mzula kichwani taratibu, kama mtu anayefunua chungu, na waya ukaonekana na kila aliyekuwemo. Hakukasirika. Akachomoa hedifoni, akaitoa na redio mfukoni mwangu, akajiwekea hedifoni sikioni, akasikiliza kidogo, na uso wake ukalegea. "Mechi hii naijua neno kwa neno," akasema. "Nilikuwa nimetundika redio kwenye mti wa kahawa, naanua kahawa kwenye mvua. Peke yangu."

Nilitaka kusema kitu. Akaniwahi, akamgeukia Bi Saada kule mlangoni, akamuuliza kwa heshima siku ile ya tatu bila huyu bwana alikaa kiti gani. Bi Saada hakufikiri hata kidogo. "Siku ile humu hamkuwa na umeme, mzee wangu. Niliwarudishia watu viingilio vyao nikafunga mlango. Hakuna aliyetazama mpira hapa."

Kicheko kilichofuata sitakieleza, kwa sababu sikukisikia chote, nilikuwa natafuta njia ya kutoka. Yule aliyeniletea mkungu wa ndizi alikuwepo, akauliza kwa sauti kama ndizi zake zinarudi. Nikaishia nje, nimekaa kwenye kreti la soda tupu kando ya mlango, na nikiwa pale ukumbi ukalipuka, vigelegele, viti vinaanguka. Timu yangu ilikuwa imefunga kweli, moja bila, dakika za mwisho. Goli hilo wanalisimulia Bukoba mpaka leo. Sikuliona. Mzee naye hakuliona, nilimchungulia mlangoni, alikuwa amefumba macho na hedifoni yangu sikioni, anamalizia mechi yake.

Safari ya kurudi tukafika karibu na Izigo. Pale akasema, "Kahawa ningekusamehe hata ungesema ulilewa." Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko chote cha ukumbini, kwa sababu nilijua ni kweli. Mzee angenigombeza, angenipa jembe, yangeisha. Nilimpa mechi ambayo sikuitazama, naye akaipokea kwa moyo mmoja, na kahawa yake inaoza.

Kibanja amekikata. Alimwita binti yake, akamtembeza mpaka kwa mpaka, milamula ikapandwa mbele ya majirani wawili, na akatamka wazi kwamba ni cha Adventina. Mimi nilichimba mashimo. Nilipomwomba redio yangu na hedifoni yake akasema bado anazitumia.

Sasa kama kuna kiapo cha kula, nimekwisha kukila: simwambii mtu tena nilikuwa wapi timu iliposhinda mpaka kwanza nimemuuliza yeye alikuwa wapi. Wengi wenu mtaendelea na uongo wenu, endeleeni, mimi nimestaafu. Ila ushindi mmoja nitawasimulia kwa haki, ule wa juzijuzi, kwa sababu huo nina shahidi. Nilikuwa Izigo, uani kwa Mzee Kamugisha, mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba, nachota kahawa kwa mikono miwili naingiza magunia ndani. Mzee amekaa barazani, waya sikioni. Nikamwona anajipiga kiganja gotini na kutabasamu peke yake, nikashindwa kuvumilia, nikauliza baba, ngapi?

"Anua kwanza," akasema.